Kijisamaki hiki au kijisamaki huyu?

SWALI: Naandika makala kuhusu samaki mwembamba wa ukoo mmoja na farasi-bahari, aitwaye kitaalamu Nerophis lumbriciformis. Niliandika: "Kijisamaki hiki kinajificha kwenye mwani, na dume lake linabeba mayai tumboni." Mwenzangu amenisahihisha: "huyu", "anajificha". Anasema mnyama hapatanishwi kwa ki-. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako anasimamia kanuni ya kweli, ila ameivusha mpaka wake. Nomino ya mnyama hufuata A-WA hata ikianza na ki-: kiboko huyu amezama, kipepeo yule ameruka, vifaru wale wamelala. Ki- hiyo ni sehemu ya jina tu wala haisemi lolote kuhusu umbo la mnyama.

Katika "kijisamaki", ki- umeiongeza wewe, kusudi udogo usikike. Udogo una upatanisho wake, KI-VI, nao hauangalii uhai: kitoto kinalia, vijibwa vinabweka. Kwa hiyo "kijisamaki hiki kinajificha" ni Kiswahili safi. Wapo wanaotanguliza uhai wakasema "kitoto analia". Siwakatazi, mradi mwandishi ashike njia moja mpaka mwisho.

Kinachonisumbua mimi ni dume. Mnyama akipatanishwa kwa LI-YA, sikio husikia ukubwa: joka limejikunja, jibwa linabweka. Umeanza na kijisamaki, mara "linabeba". Samaki yuleyule amedogoshwa na kukuzwa ndani ya sentensi moja! Na dume huyu hana ukubwa wa kusifiwa. Ni mwembamba kama kamba ya kiatu, urefu wake haufiki sentimita 20, na rangi yake ya kahawia au kijani iliyofifia humpoteza katikati ya mwani, chini ya mawe ya pwani za Atlantiki huko Ulaya, maji yakishatoka. Andika "samaki dume anabeba", au "dume anabeba".

Neno "tumboni" nalo litazame tena, maana hapo lugha inagusa ukweli wenyewe. Msomaji atadhani mayai yako ndani. Farasi-bahari dume ana mfuko wa kuyahifadhi. Samaki wako hana. Jike huyaweka mayai chini ya tumbo la dume, nayo hushikamana hapo kwa nje, kwenye kijifuo (kibonde chembamba), hata ukimgeuza unayaona. Kiswahili kinaweza kutenganisha mambo haya: "tumboni mwake" ni ndani, "tumboni pake" ni mahali penyewe. Lakini wasomaji wengi hawatasimama kwenye tofauti hiyo, hivyo sema waziwazi "chini ya tumbo". Kwa sababu hiyohiyo usiseme dume ana mimba.

Ushauri wangu kuhusu kiji-: iache. Mara nyingi huja na dharau, kama katika kijimtu, na makala inayomweleza mnyama haina sababu ya kumdharau. "Samaki mdogo" yatosha. Tena, kwa kuwa unaeleza mazoea yake, hu- inafaa kuliko -na-:

"Samaki huyu mdogo hujificha kwenye mwani, na dume ndiye abebaye mayai, yakiwa yameshikamana chini ya tumbo lake."