Kirusi cha Epstein-Barr na kinga inayougeukia mwili

Swali: Daktari, nimesoma kwamba protini za kirusi cha Epstein-Barr zinaweza kuifanya kinga ishambulie neva, na kuleta ugonjwa wa multipo sklerosisi (multiple sclerosis), unaoharibu neva za ubongo na uti wa mgongo. Ikiwa karibu kila mtu mzima anacho, mbona wanaougua ni wachache?

Jibu: Ndugu msomaji, seli za kinga huchujwa zinapokomaa, seli B, zinazotokeza kingamwili (protini za kinga zinazonasa vimelea), katika uboho na seli T, zinazoongoza mashambulizi ya kinga, katika tezi ya thaimasi, na zile zinazonasa protini za mwili kwa nguvu huuawa au hunyamazishwa. Uchujaji huo haukamiliki kamwe. Kila mmoja wetu ana seli chache za hatari zilizopenya, na Epstein-Barr hujificha maisha yote ndani ya seli B.

Mwaka 2022, watafiti waliopitia kumbukumbu za wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani walikuta kwamba hatari ya ugonjwa huu ilipanda takriban mara 32 baada ya kuambukizwa kirusi hiki. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba kipande cha EBNA1, protini ya kirusi, kinafanana mno na kipande cha GlialCAM, protini iliyomo katika ubongo na uti wa mgongo, hata kingamwili moja ikavishika vyote viwili. Kingamwili hizo zilionekana kwa asilimia 20 hadi 25 ya wagonjwa.

Hata hivyo, kufanana peke yake hakutoshi, na maelezo mengi hukomea hapo mapema mno. Seli B iliyonasa protini ya mwili bila kupata idhini ya seli T hupaswa kufa. Kirusi huighushi idhini hiyo: protini yake ya LMP1 hutoa ishara ya kipokezi cha CD40 kilicho juu ya seli B, ambacho kwa kawaida husubiri seli T, na LMP2A huiga ishara ya kipokezi cha seli B yenyewe, hivyo seli iliyostahili kufa ikaweza kusalia. Inadhaniwa kwamba ili ugonjwa utokee, mambo kama haya huhitaji kukutana kwa mtu mmoja, mara nyingi mwenye HLA-DRB1*15:01, aina ya jeni ya kinga. Kwa hiyo kipimo kinachoonyesha kwamba una kirusi hakitabiri kwamba utaugua.

Nauona ushahidi wa nafasi ya seli B zenyewe katika tiba: dawa kama ocrelizumab, inayoziondoa seli B zenye alama ya CD20, hupunguza sana mashambulizi ya ugonjwa, ingawa seli zinazozalisha kingamwili kwa wingi hazina alama hiyo na hubaki.