Uzito uko sawa lakini kiuno sentimita 98: nesi hakukutisha bure

Kaka, umeandika kwamba una miaka 41, urefu sentimita 172, kilo 72, na kwenye upimaji wa bure huko Arusha nesi amekuzungushia tepu tumboni akapata 98, akakuambia uchunge. Unauliza inakuwaje wakati BMI yako, yaani kipimo cha uzito kwa urefu, ni 24 na chati inasema uko vizuri. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu jambo hili liko ndani ya nyumba yangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, na mume wangu aligundulika na sukari akiwa na umbo kama unalolieleza: mikono myembamba, miguu myembamba, tumbo mbele.

Nesi yuko sahihi. BMI inachukua kilo na urefu, basi. Haijui kama kilo hizo ni misuli au mafuta, wala mafuta yamekaa wapi. Hesabu yenyewe ilitoka kwa Mbelgiji, Adolphe Quetelet, miaka ya 1830, akitafuta wastani wa watu wengi kwa pamoja. Hakuwa anampima mgonjwa mmoja. Daktari Mfaransa Jean Vague alishaandika mwaka 1947 kwamba wanene wa tumbo na wanene wa nyonga hawaugui sawa. Mwaka 2005 ukatoka utafiti wa INTERHEART, uliofanyika nchi 52, Afrika ikiwemo, na kiuno kikilinganishwa na nyonga kilionyesha hatari ya mshtuko wa moyo vizuri kuliko BMI.

Sababu tulielezwa kliniki na nikaielewa. Mafuta unayoweza kuyafinya kwa vidole yako chini ya ngozi, hayo si mabaya sana. Yanayosumbua ni ya ndani zaidi, yanayozunguka utumbo. Yanamwaga mafuta kwenye damu inayokwenda moja kwa moja kwenye ini. Ini likijaa mafuta, insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, inafanya kazi kwa shida, sukari inapanda, mafuta ya damu yanaharibika, presha nayo inafuata. Ndiyo maana kitambi kinatajwa pamoja na kisukari cha aina ya pili, moyo na kiharusi. Na ndiyo maana naumia nikisikia watu wakimsifia mtu kwamba siku hizi mambo yake mazuri kwa sababu tumbo limetoka.

Sasa kupima, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mwanaume anakuja kushona suruali, namuuliza kiuno, ananiambia inchi 34. Hiyo ni namba ya suruali aliyovaa, kaishusha chini ya kitambi, mkanda umekaa nyongani. Nikipandisha tepu juu kidogo, pale tumbo lilipo, nakuta 39, wakati mwingine 40. Kwa kushona, 34 yake inanitosha. Kwa afya haimwambii kitu. Wengine wakiona tepu wanavuta tumbo ndani hata hawajaambiwa.

Fanya hivi. Vua shati. Papasa ubavu wa mwisho kabisa kwa pembeni, kisha papasa ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya hapo ndipo tepu inapopita, ilale sawasawa mbele na nyuma, iguse ngozi bila kubana. Pumua kawaida, toa hewa, soma. Rudia mara ya pili. Usitumie tepu iliyochakaa, zile za kitambaa zikizeeka zinavutika na kukupa namba ndogo kuliko ukweli. Na usipime ukitoka kula mtori na nyama.

Kwa mwanaume, Shirika la Afya Duniani linahesabu hatari imeongezeka kiuno kikifika sentimita 94, karibu inchi 37, na kubwa zaidi kikipita 102. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Viwango hivi vimetokana na Wazungu, na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilishauri sisi wa Afrika kusini mwa Sahara tutumie hivyohivyo hadi tupate vya kwetu. Ndugu zetu wenye asili ya Kihindi wao huanzia 90 kwa wanaume.

Mimi napenda zaidi kipimo cha urefu: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Uingereza wanakishauri rasmi tangu 2022 kwa watu wazima ambao BMI haijafika 35. Nusu ya 172 ni 86. Wewe una 98. Umeona mwenyewe.

Dada aliyeuliza hapo chini kuhusu makalio makubwa, usiyaogope. Mafuta ya nyonga na mapaja hayana madhara kama ya tumboni. Angalia kiuno, hasa hedhi ikishakoma, kwa sababu mafuta yanahamia tumboni. Akina mama wananiletea magauni yao ya kitenge ya zamani niyaachie: nyonga bado inaingia vizuri, kiunoni zipu haifungi. Mjamzito, au mtu mwenye maji tumboni, tepu haimhusu.

Kupunguza: kulala chini na kuinuka mara mia hakuondoi mafuta ya ndani. Yanaondoka kwa mwili mzima kutumika na chakula kubadilika. Mume wangu aliacha bodaboda, akawa anapanda kwa miguu kurudi nyumbani, akapunguza bia na soda, chipsi zikawa za nadra. Mzani ulichelewa kusogea lakini mimi nilijua mapema, maana nilikuwa narudisha ndani kiuno cha suruali zake. Mazoezi yanaweza kupunguza mafuta ya tumbo hata kilo zikibaki zilezile, kwa hiyo usikate tamaa kwa sababu ya mzani.

Lakini kaka, tepu haisemi una ugonjwa. Inasema nenda kapime. Asubuhi kabla ya kula chochote, pima sukari: ikifika 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) ni ya kisukari, na wataipima tena kuhakikisha. Chini ya 6.1 shukuru Mungu. Omba na presha na mafuta ya damu siku hiyohiyo. Kama baba au mama yako ana sukari, mwambie daktari bila kusubiri kuulizwa. Majibu ukiyapata yaweke hapa, na useme pia kama unavuta sigara.