Umeme wa jua nyumbani: lea betri kwanza

Mtu akifungiwa umeme wa jua, macho yake yote huwa kwenye paneli. Mimi nimeishi na mfumo huu miaka mingi bila nguzo ya umeme karibu, na ninachomwambia kila anayeanza ni hiki: paneli haina makuu, betri ndiyo inayotaka kulelewa.

Nazungumzia hasa betri za risasi na asidi, zile zenye vifuniko vya kujazia maji. Nyingi haziharibiki ghafla, zinakufa kwa njaa. Kila betri inapokaa bila kujaa, salfeti, yaani utando mweupe wa chumvi ya risasi, hujijenga kwenye sahani zake (bamba za risasi zilizo ndani), na ikikaa siku nyingi hugeuka fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziondoi. Uwezo unapungua kidogo kidogo, mpaka taa zinaanza kufifia saa mbili usiku nawe unalilaumu wingu la mchana.

Kwa hiyo pima, tafadhali. Taa ya kijani kwenye kidhibiti chaji, kile kisanduku kati ya paneli na betri, isikuridhishe. Tafuta multimita (kifaa cha kupimia volti), hata ya bei ndogo, upime alfajiri kabla jua halijachomoza, vifaa vikiwa vimezimwa kwa muda. Mchana paneli zinapochaji namba hupanda kuliko hali halisi, na usiku ukitumia umeme hushuka. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu, nami hapo ndipo ninapoweka mpaka wangu. Ukikuta 12.0 kila asubuhi, punguza matumizi au ongeza paneli, la sivyo betri hiyo haifiki mbali.

Hata volti zina la kuficha. Ndani mna seli sita, na moja ikidhoofu inaziburuza nyingine. Ya kuifichua ni haidromita, kifaa kinachopima uzito wa asidi ukilinganishwa na maji: vaa miwani na glavu, fyonza asidi kidogo kutoka kila seli, soma, kisha uirudishe kwenye seli ileile. Seli iliyojaa husoma karibu 1.265. Tano zikikaribiana na ya sita ikiwa chini kwa 0.05 hata baada ya chaji kamili, mgonjwa umempata.

Maji yakipungua, ongeza yaliyokenekwa (distilled) tu, si ya bomba wala asidi, kwani kinachopotea wakati wa kuchaji ni maji peke yake. Ongeza maji betri ikishajaa chaji, maana kimiminika hupanda wakati wa chaji na kinaweza kufurika. Lakini ukikuta sahani ziko wazi, zifunike kwa maji kwanza ndipo uchaji. Chumba kipitishe hewa, na moto usisogee: gesi inayotoka ni hidrojeni, inalipuka.

Nati zinazobana waya kwenye betri nazo zisisahauliwe. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuwashia vifaa vya nyumbani, ikiwa imebeba mzigo mkubwa, gusa ganda la waya karibu na kila nati. Waya mmoja ukiwa wa moto kuliko mwenzake, hapo pamelegea au pameota kutu. Zima mzigo, kata paneli kwanza, halafu betri. Vua pete, na uzungushie mpini wa spana utepe wa umeme. Safisha kwa brashi na maji yenye bikaboneti ya soda, yasiingie kwenye seli, kausha, kaza, paka grisi.

Paneli zenyewe zioshe asubuhi kioo kikiwa bado baridi, na ukate tawi linalozitia kivuli.

Wenye betri za lithiamu hawana habari ya maji, ila kipimo cha volti hakiwasaidii sana kwa kuwa namba haisogei mpaka chaji inakaribia kwisha. Wao wafunge mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Na siku ya kubadilisha betri za risasi ikifika, badilisha zote pamoja. Mpya ikiungwa na kuukuu, ile kuukuu huiharibu mpya mapema.