Mikuku miwili na boti inayopotea demani

SWALI: Shikamoo fundi. Nina boti ya tanga ya faiba, mita 6. Chini ina mikuku miwili, yaani mapezi yanayoshuka majini kuizuia isisukumwe upande; ni ya chuma bapa, kila mmoja una kina cha sentimita 60, upana 90 kutoka mbele hadi nyuma, unene milimita 12. Naipenda kwa sababu maji yakipwa hapa Bagamoyo inakaa wima mchangani. Tatizo ni wakati wa kaskazi: nikibisha, yaani nikipanda dhidi ya upepo kwa kwenda mshazari huku na huku, kwenda Unguja inasukumwa sana demani, upande upepo unakoelekea. Nimeshauriwa niongeze sentimita 30 chini ya kila mkuku. Unasemaje?

JIBU: Marahaba. Nakusihi usirefushe. Mkuku wa sentimita 90 una eneo kubwa zaidi na unapinda kwa mkono mrefu zaidi, kwa hiyo pale unaposhikana na faiba mzigo unaweza kupita mara mbili ya ulivyo sasa. Tena boti yako inakaa chini kila maji yakipwa, na siku ya mawimbi vipigo vyote vinaishia kwenye boliti zilezile.

Kasoro iko kwenye umbo. Boti inapobisha hukata maji kwa mshazari kidogo, na maji yakipita vizuri pande zote mbili za mkuku huuvuta kuelekea goshini, upande upepo unakotoka. Chuma bapa huyafanya yaachane nao mapema upande mmoja. Yanazunguka ovyo, mvuto unapotea, boti inakwenda upande.

Basi uvishe mkuku umbo. Unene uwe sentimita 8 hadi 9, na penye unene zaidi pawe kama sentimita 27 kutoka mbele. Mbele pawe mviringo. Wengi hupachonga pakawa pakali wakidhani patapasua maji, na hapo ndipo wanapoharibu. Nyuma pakonde taratibu hadi milimita 3.

Ondoa kutu yote, paka epoksi siku hiyohiyo, bandika povu gumu lisilonywa maji, lichonge kwa kufuata kipimio cha plaiwudi kilichokatwa kwa umbo hilo, kisha funika kwa kitambaa cha faiba na epoksi. Usijaze unene wote kwa puti. Ni nzito na hupasuka. Chini kabisa acha chuma kitokeze sentimita 2, uzito ukae juu yake. Kipimio kiwe kilekile kwa mikuku yote miwili, la sivyo boti itabisha vizuri upande mmoja tu.

Kabla ya yote hayo, pima kwa kamba nafasi kati ya mikuku, mbele na nyuma. Mbele pakiwa pembamba kuliko nyuma kwa sentimita 3 hivi, ni sawa: ni kama digrii 1 kila mkuku, na inausaidia mkuku wa demani, unaobeba kazi kubwa boti ikilala. Pakiwa papana kuliko nyuma, rekebisha hilo kwanza.

Haitabisha kama boti yenye mkuku mmoja mrefu, na Unguja iko kaskazini mashariki, kaskazi inakuja usoni. Lakini kila ukigeuza utapoteza masafa machache kuliko sasa. Ukishaipandisha boti nchi kavu, fungua boliti moja au mbili uzikague. Shingo ya boliti ikiwa imeliwa na kutu, badilisha zote kabla hujaweka faiba juu.