Maji yanapotelea wapi? Majibu kwa waliokwisha fungua nusu ya injini

Nimetoa manifoldi ya hewa na altaneta kwenye Toyota IST yangu (injini ya 1NZ-FE) nikitafuta maji yanapovujia. Sioni kitu. Sasa nishushe hedi (kichwa cha injini)? (Msomaji, Morogoro)

Usiguse bolti hata moja ya hedi kabla hujatia upepo kwenye mfumo wa maji. Ukishaishusha, mfumo hauwezi tena kushika presha, na hapo unabaki kubahatisha. Injini nyingi mno hufunguliwa hedi kwa sababu ya mpira wa shilingi elfu chache, na hili linaniuma.

Hali uliyofikia ndiyo nzuri kuliko zote kwa kupima, kwa sababu ubavu wa bloku unaonekana. Acha manifoldi na altaneta chini. Ile mipira miwili midogo ya maji iliyokuwa inapita kwenye throtoli, iunganishe yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba na klipu. Jaza maji injini ikiwa baridi. Kausha kila mahali kwa kitambaa na upepo wa kompresa, kisha funga pampu ya kupimia mdomoni mwa rejeta. Pandisha hadi namba ya presha iliyoandikwa kwenye kifuniko cha rejeta yako, basi: 0.9 ni kama psi 13, na 1.1 ni kama psi 16. Ukizidisha, matangi ya plastiki ya rejeta au hita ya ndani vitapasuka, na utakuwa umejitengenezea tatizo la pili.

Subiri dakika 15 kwa uchache. Mshale wa geji ukishuka, anza kutafuta juu ukiteremka, maana maji hufuata kingo za bloku na kudondoka mbali na yalipotokea. Tumia tochi na kioo kidogo. Pangusa kila kiungo kwa karatasi ya chooni. Unyevu ambao jicho halioni utaonekana hapo. Angalia pia utando mkavu wa waridi, kijani au mweupe, ambao ni kulanti (dawa ya rejeta) iliyokauka.

Mshale ukishuka na nje pakavu kabisa, toa plagi zote, acha presha usiku kucha, kisha asubuhi chungulia kila silinda. Ndipo upige stata, plagi zikiwa nje na uso wako mbali na matundu. Silinda inayorusha maji ndiyo yenye kesi. Kamwe usipige stata plagi zikiwa ndani kama unashuku maji: maji hayabanwi, na koniroodi (mkono wa pistoni) itapinda. Kagua na zulia la abiria wa mbele pia. Likiwa limelowa na lina harufu tamu, hita ndiyo inayovuja.

Sina pampu ya kupimia. Nitumie kompresa ya matairi moja kwa moja?

Hapana. Weka valvu ya tairi kwenye kizibo cha mpira kinachobana mdomo wa rejeta, kifunge kisiruke, tumia pampu ya baiskeli yenye geji, na usimame kwenye namba ya kifuniko.

Pampu ya maji inadondosha kwenye kitundu kidogo chini yake. Naweza kukiziba kwa silikoni?

Swali hili linarudi kila mara, na kila mara kuna aliyekwisha ziba. Kitundu hicho kimewekwa makusudi. Sili ya ndani ikichoka, maji hutokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Ukikiziba, maji yanaosha grisi, beringi inakwama na mkanda unaruka. Alama kavu tu si tatizo. Tone linaloendelea chini ya presha maana yake ni pampu mpya na gasketi mpya.

Dawa ya kumimina ya kuziba tundu je?

Usitie. Inaweza kuziba mirija myembamba ya hita na rejeta kabla ya kufika kwenye ufa.

Hedi ya 1KZ-TE (injini ya dizeli ya Toyota) iko mezani. Fundi anaona mistari kati ya valvu, anasema imekufa. (Msomaji, Mbeya)

Hedi hizo zinajulikana kwa kupasuka, lakini jicho si kipimo. Mstari wa juu juu unaweza usifikie njia ya maji. Ipeleke karakana ya mashine wazibe matundu ya maji kwa bati nene na mpira, watie upepo, kisha waizamishe kwenye maji ya moto, kwa sababu ufa hufunguka chuma kinapopata joto. Mapovu yakitoka, imekufa kweli. Yasipotoka, usinunue nyingine kwa hofu.

Nafunga hedi ya 1NZ. Nipake silikoni pande zote za gasketi?

Hapana, gasketi ya hedi hufungwa kavu. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi na ya bloku kwa urefu, upana na mishazari: fila (kibati chembamba cha kupimia pengo) ya milimita 0.05 isipite chini yake. Ikipita kwenye hedi, isagwe kwa mashine. Msasa wa mkono juu ya kipande cha mbao unatengeneza mabonde, tafadhali acheni. Puliza matundu ya bolti hadi yakauke; maji au oili iliyobaki chini hudanganya spana ya toki (ya kupimia nguvu ya kukaza) na inaweza kupasua bloku. Anzia bolti za katikati ukitoka nje: newton mita 29, kisha zungusha nyuzi 90, kisha 90 tena.

Fundi ametoa themostati (valvu ya maji inayofunguka kwa joto) ili gari lisichemshe.

Irudishe. Bila hiyo injini inakimbia baridi, inakula mafuta na kulika mapema, na mvujo uko palepale. Kama unaishuku, ichemshe kwenye sufuria ukiwa na kipimajoto: ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kwenye 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi.

Nikimaliza, nijaze maji ya kisima?

Usijaze, hasa wewe wa pwani. Chumvi inatoboa alumini ya hedi na nyumba ya pampu. Tumia maji ya betri yasiyo na asidi, nusu kwa nusu na kulanti.