Kabla ya kuwasha AC kubwa, soma kibao kisha pima umeme

Ubavuni mwa mashine ya nje ya AC ya biashara kuna kibao cha taarifa. Pale husomwa mambo matatu kwa pamoja: volti, idadi ya fezi (nyaya zenye moto wa umeme) na hezi (mara ngapi umeme hugeuka huku na huku kwa sekunde). Mnunuzi anayeona 230 akaridhika amesoma theluthi tu ya habari, na theluthi mbili zilizobaki zinatosha kuunguza kompresa, pampu inayobana gesi ya kupoza.

Umeme wa Tanzania ni volti 230 kati ya fezi na nyutro (waya wa kurudishia umeme), 400 kati ya fezi na fezi, hezi 50. Kenya na Uganda ni 240 na 415, hezi zile zile. Kwa hiyo mashine iliyoandikwa 380-415V 3N~ 50Hz, yaani fezi tatu na nyutro, inaungwa moja kwa moja, na ya 220-240V 1~ 50Hz inakaa kwenye fezi moja na nyutro. Herufi N usiipuuze. Inamaanisha mashine inataka nyutro, kwa sababu bodi yake ya elektroniki na feni zake hutumia 230. Fundi aliyefikisha fezi tatu na ethi (waya wa usalama uendao ardhini) peke yake asije akaigeuza ethi kuwa nyutro. Avute waya wa tano.

Shida kubwa iko kwenye mashine zilizotumika zinazokuja kwa kontena. Ya Marekani yenye maandishi 208-230/3/60, yaani volti, fezi na hezi, ni ya fezi tatu, na hizo 230 ni kati ya fezi na fezi. Kwetu hapo kuna 400. Ukiiunga hivyo, hata dakika haimalizi. Wengine hununua transfoma ya kushusha hadi 230 wakidhani wamemaliza kazi, na hezi zinawaangusha. Mota ya volti 230 kwa hezi 60, ukiipa hezi 50, inatakiwa ishushiwe volti kwa uwiano ule ule, yaani hadi kama 190. Ukiiachia 230, chuma chake kinajaa sumaku kupita kiasi, ampia zinapanda, inavuma na kuchemka hata ikiwa haina mzigo. Tena mwendo unashuka kutoka kama mizunguko 3,500 kwa dakika hadi 2,900, hivyo ubaridi nao unapungua kwa takriban moja ya sita.

Ya 460V 60Hz ina nafuu, kwa kuwa uwiano wake kwenye hezi 50 ni kama volti 380, na 400 yetu haiko mbali. Hata hivyo angalia transfoma ndogo ya kontroli, inayolisha swichi za kuongoza mashine. Ile inayotoa volti 24 ikilishwa 460 itatoa kama 21 ikilishwa 400, na umeme ukishuka kidogo kontakta (swichi ya sumaku inayowasha kompresa) inaanza kutetema na kuunguza meno yake, yaani vipande vya chuma vinavyogusana kupitisha umeme. Ibadilishe kwa transfoma ya 400 kwenda 24. Ushauri wangu ni mmoja: mashine ya hezi 60 tupu usiinunue hata kwa bei ya kutupa, isipokuwa una hesabu kamili ya kila mota iliyo ndani yake.

Mzigo wa kutoka Ghuba nao uulizwe umetoka nchi gani. Oman na Falme za Kiarabu ni hezi 50. Saudi Arabia ni 60. Za Japani huwa volti 200 fezi tatu, na kibao mara nyingi kinakubali 50 na 60, kwa kuwa mashariki ya nchi hiyo hutumia 50 na magharibi 60. Hizo zinafaa kwa transfoma ya 400 kwenda 200. Mashine ya ampia 30 ni 1.73 × 200 × 30, kama kVA 10.4 (kVA ndiyo kipimo cha ukubwa wa transfoma), chukua transfoma ya 15 hadi 20, maana wakati wa kuwaka kompresa huvuta mara tano au sita.

Kibao kikishakubali, pima. Weka mita kwenye terminali za mashine yenyewe, kompresa ikiwa inafanya kazi. Pima fezi kwa fezi, kisha kila fezi na nyutro. Rudia kati ya saa 1 na saa 4 usiku, mtaa unapotumia umeme mwingi, halafu alfajiri unapopanda. Kwa volti 400, baki kati ya 360 na 440.

Kinachosahauliwa zaidi ni tofauti kati ya fezi. Tuseme umepata 408, 398 na 382. Wastani ni 396, iliyo mbali zaidi nao imepungukiwa 14, na 14 kwa 396 ni asilimia 3.5. Inaonekana ndogo, lakini joto la koili hupanda kwa takriban mara mbili ya mraba wa asilimia hiyo, yaani kama asilimia 25. Mwisho unaokubalika kwa kawaida ni asilimia 2. Zima mzigo wote wa jengo upime tena. Tofauti ikitoweka, friji, taa na AC ndogo zimerundikwa kwenye fezi moja, zigawanye upya. Ikibaki, ita TANESCO au shirika la umeme la kwenu. Pima pia kontakta: ncha moja ya mita juu na nyingine chini ya meno yale yale, mashine ikiwaka. Lazima isome karibu na sifuri. Ukikuta volti nyingi, meno yameungua, na fezi hiyo ndiyo inayonyongwa.

Kebo nayo inakula. Ya shaba ya milimita 6 za mraba, mita 60, ampia 30, hupoteza kama volti 11.5. Wakati wa kuwaka upotevu huo unaweza kukaribia 58, na mashine inaona 342. Kwa kebo ya 16 unapoteza kama 4.3 tu.

Nyutro iliyolegea ni hatari kuliko umeme mdogo. Taa za upande mmoja zikiwaka kupita kiasi na za upande mwingine zikafifia, zima kila kitu mara moja. Fezi yenye mzigo mdogo inaweza kupita volti 300, na bodi za mashine za ndani hufa zote kwa mkupuo.

Kompresa ya skroli, aina inayofanya kazi ikizunguka upande mmoja tu, ikipiga kelele, haijengi presha na inavuta ampia kidogo, inazunguka kinyume. Badilisha fezi mbili kwenye terminali zinazoingiza umeme. Kisha washa jenereta uhakikishe mpangilio ni ule ule, kwani mara nyingi jenereta huungwa kinyume na umeme wa gridi.

Funga relei ya fezi, kifaa kinachopima fezi na kuizima mashine umeme ukiharibika. Iweke ikate chini ya 360, juu ya 440, na fezi zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 2 hadi 3, isubiri dakika 3 hadi 5 umeme unaporudi. Waya zake ziungwe baada ya chenjiova (swichi ya kuhama kati ya gridi na jenereta), ione gridi na jenereta pia. Kabla ya kukabidhi kazi, ondoa fyuzi ya fezi moja: kontakta isipoachia yenyewe, mashine hiyo haijawa tayari kuwashwa.