Mke wangu mjamzito hataki hata nimsogelee

SWALI: Shikamoo Mama Mkunga. Mimi nauza samaki pale Deep Sea, naishi Sahare na mke wangu, ndoa haijatimiza mwaka. Alipima na kile kipimo cha mkojo cha duka la dawa ikaja mistari miwili, nilifurahi mpaka usingizi ukaniruka. Sa hivi ana wiki saba na furaha imegeuka kilio, maana nikiingia tu mlangoni anakimbilia uani kutapika anasema nanuka samaki, na naoga jamani, naoga kwa sabuni na ndimu, juzi kanitandikia mkeka sebuleni. Chakula hataki, anataka ule udongo wa kutafuna na embe bichi. Mama anasema ni mimba ya kumchukia mume itapita yenyewe, na kliniki tusiende mpaka miezi mitatu maana mimba changa haitangazwi, watu wana macho. Mimi naona mke wangu anaisha. Nafanyaje?
Baba mtarajiwa, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni sana. Kwanza toa hilo neno kuchukia kichwani, mkeo hajakuchukia. Homoni za mimba zinapanda kwa kasi wiki hizi, pua inakuwa kali kupita kiasi na tumbo halitaki kitu, na kwa wengi inazidi mpaka wiki ya 9 hivi alafu inapungua taratibu kati ya wiki ya 12 na 16. Kwa hiyo bado kidogo kuna mlima, jipange. Oga kabla hujaingia ndani, nguo za kazi zibaki kwenye ndoo uani, na jikoni ingia wewe maana harufu ya kukaanga kitunguu tu inamtosha kumwangusha. Asubuhi kabla hajanyanyuka mpelekee kitandani kipande cha mkate mkavu, ale, atulie kama dakika 20 ndo aamke. Siku nzima ale kidogo kidogo, chakula kilichopoa hakinuki sana, maji anywe kwa mafunda, na chai nyepesi ya tangawizi wengi inawasaidia.

Embe mwache ale, lioshwe tu vizuri. Udongo hapana, una minyoo na unaweza kuwa na madini ya sumu, ila usimgombeze, hamu ya udongo mara nyingi ni dalili ya damu kupungua, mwambieni nesi.

Sasa kuhusu kliniki hapo na mama yako tutatofautiana, kwa heshima zote. Majirani wafiche hata miezi mitano ni haki yenu, lakini nesi sio jirani. Uti wa mgongo wa mtoto unajengeka mapema mno, ndani ya mwezi wa kwanza tangu mimba itunge, ndo maana foliki, ile vitamini inayosaidia uti huo ujengeke vizuri, haisubiri miezi mitatu. Nendeni wiki hii, wote wawili, apimwe wingi wa damu na kundi lake, presha, mkojo, na kaswende na VVU mpime pamoja, apewe vidonge vya kuongeza damu vyenye foliki, na muulizie chandarua maana malaria kwa mjamzito ni hatari na Tanga yetu mbu tunawajua. Zile dawa za SP za kukinga malaria zinaanza baada ya wiki ya 12, msimnunulie dukani sa hivi.

Na hapa nisikilize vizuri baba. Akitapika mpaka maji hayakai, mkojo ukawa mweusi au akakaa masaa mengi bila kukojoa, akitoka damu, akiumwa tumbo sana hasa upande mmoja, akizimia, homa ikipanda, usisubiri kukuche, tafuta bajaji usiku huo huo umpeleke hospitali. Maumivu ya upande mmoja inaweza kuwa mimba imetunga nje ya kizazi na hiyo inaua.

Mkeka wa sebuleni ulalie tu kwa sasa wala usinune, ila mlango wa chumbani uwe wazi ili akiamka kutapika usiku umsikie, umpelekee maji.